Prosesa Ilivyojifunza Kukiri

Adhuhuri, chini ya bati, kibanda cha fundi wa kompyuta huko Mabatini, Mwanza, huwa na joto la tanuri. Feni ya mezani huelekezwa kwenye madabodi iliyovuliwa kava, na fundi mwenyewe hujifuta jasho kwa kiganja. Mteja huingia na mashine kwapani, na maelezo yake mafundi wa Mwanza wameyasikia hadi wanaweza kuyamalizia: inawaka vizuri, inakwenda nusu saa, mara skrini inageuka bluu na mashine inajizima.

"Fundi, windo nimepiga wiki iliyopita tu."

Fundi mwenye haraka hujibu kwamba hiyo windo ilikuwa mbovu. Hupiga nyingine, hupokea hela yake, na baada ya siku chache mteja yuleyule yuko mlangoni. Fundi mwenye subira hufanya jambo moja kabla hajaigusa diski: hufungua daftari.

Daftari hilo halina karatasi. Kila mfumo endeshi wa leo huandika kumbukumbu za yaliyoupata. Kwenye Windows zinasomwa kwa programu iitwayo Event Viewer. Kwenye Linux, kwa amri ya dmesg. Humo fundi hutafuta chanzo kinachojiandika WHEA-Logger. Akikuta tukio namba 18, mfumo endeshi unamwambia kwamba haukuanguka kwa udhaifu wake wenyewe: prosesa ilipaza sauti kwamba kuna kitu kimeharibika kwenye chuma. Mara nyingi mstari huo hutaja hata ni kiini kipi cha prosesa kilichotoa taarifa. Akikuta tukio namba 41 peke yake, huo ni ushahidi mwepesi zaidi, maana 41 husema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Kwenye mji unaojua kukatika kwa umeme, namba hiyo hujaa kwenye kumbukumbu kama vumbi kwenye feni.

Anayefuta diski na kupiga windo upya huyafuta yote mawili. Anamzika shahidi kabla hajahojiwa.

Uwezo wa mashine kuandika ushahidi juu ya mwili wake yenyewe ulijengwa kidogokidogo, na kuna wakati ulibomolewa ili kuokoa fedha. Safari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini fundi wa leo, Mabatini au kwingineko Tanzania, alizoea kuilaumu programu kwanza.

Hadithi inaweza kuanzia kwa mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kompyuta kubwa ya Mark II ilikuwa inakosea. Waendeshaji wake walikagua swichi zake za umeme hadi wakafika relei namba 70 ya paneli F, wakakuta nondo amebanwa humo. Walimtoa, wakambandika kwa tepu kwenye daftari la kazi, na pembeni wakaandika saa na mahali alipopatikana. Ukurasa huo umehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mkazi wa ufukwe wa Ziwa Victoria, ambako wadudu wadogo hupaa juu ya maji kama moshi na kufuata kila taa iwakayo, hahitaji kuelezwa jinsi mdudu anavyoingia kwenye mashine. La kutazama hapo ni daftari. Wale watu hawakuridhika kwamba mashine imepona. Waliweka kumbukumbu ya nini, wapi na lini.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360, na humo kazi ya kuandika ikahamia kwa mashine yenyewe. Saketi zake zilibeba biti za ulinzi. Kila biti nane za data zilisindikizwa na ya tisa, iliyohakikisha kwamba idadi ya moja katika kundi inabaki witiri. Idadi ikigeuka shufwa, kuna biti imepinduka njiani. Hapo prosesa ilikatiza kazi iliyokuwa inafanya, ikamwaga hali ya viungo vyake kwenye sehemu maalumu ya memori, na mfumo endeshi ukaihifadhi kwa ajili ya mhandisi.

Tanzania iliingia kwenye ulimwengu huo mapema. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Nyingine zikafuata katika taasisi za umma, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta haikwenda kama ilivyotarajiwa, na hasara ikaonekana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo miaka ambayo mafundi wa nchi nyingine walikuwa wakizoea kusoma kumbukumbu za makosa ya chuma, hapa mlango ulikuwa umefungwa.

Wakati huohuo, huko nje, likatokea fumbo. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwa nini chipu za memori zilizokuwa nzima kabisa zilikuwa zikipoteza data. Chipu zilifunikwa kwa kauri, na ndani ya kauri hiyo mlikuwa na chembechembe za urani na thori. Urani ikioza hurusha chembe za alfa, na chembe moja ikipenya kwenye silikoni huacha chaji ya umeme ya kutosha kugeuza moja kuwa sifuri. Chipu haikuharibika: ikijaribiwa dakika inayofuata, inajibu sawasawa. Mwaka uliofuata James Ziegler wa IBM na William Lanford wakaonyesha kwamba miale itokayo anga za juu nayo inaweza kufanya hivyohivyo.

Mwanza ina nafasi yake katika jambo hili. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inayokinga miale hiyo inavyopungua. Kompyuta ya Mabatini, kwa hesabu ya mwinuko peke yake, inapigwa zaidi ya kompyuta ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hata hivyo mji uko karibu na Ikweta, ambako ngao ya sumaku ya dunia huzuia miale mingi kuliko inavyozuia karibu na ncha za dunia. Anayetafuta sababu ya skrini ya bluu Mwanza asianzie mbinguni.

Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981, mama wa zote zilizokuja kujaa maofisini, ilizaliwa na biti ya tisa. Memori yake ikikosea, mashine ilisimama papo hapo na kuandika PARITY CHECK kwenye skrini. Watumiaji waliudhika, lakini walijua. Katika miaka ya 1990 ushindani wa bei ulipopamba moto, watengenezaji wakaiondoa biti ile kwenye kompyuta za kawaida, kwa kuwa chipu moja kati ya tisa ilikuwa fedha nyingi. Ulinzi ukabaki kwenye seva. Kompyuta ya mwananchi ikaachwa bubu: memori ikikosea, inakosea kimya, na kinachoonekana ni programu kuanguka.

Ni wakati huohuo kompyuta zilipoanza kuenea Tanzania kwa wingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mitumba kutoka ofisi za Ulaya na Marekani. Fundi aliyejifunza kazi miaka ile alikutana na mashine zisizosema, zikiendesha Windows 95 na 98, ambazo kweli zilianguka mara kwa mara kwa makosa ya programu. Kupiga windo kulitibu wengi. Desturi hiyo ilitokana na uzoefu halali, na ni dhuluma kuiita uvivu. Tatizo ni kwamba mashine zilibadilika, desturi ikabaki.

Hadithi ya mabadiliko hayo inapitia kwa mwalimu mmoja wa hisabati. Mwaka 1994 Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, alikuwa akijumlisha kinyume cha namba tasa pacha, zile tasa zinazopishana kwa mbili tu. Mwezi Juni akaona jumla mbili zilizopaswa kulingana hazilingani. Kilichofuata kinastahili kusomwa na kila fundi. Nicely hakukimbilia kuilaumu prosesa yake, Pentium ya Intel. Alishuku kwanza programu yake, kisha kikusanyaji cha programu, kisha memori na madabodi. Alirudia hesabu ileile kwenye mashine ya 486, ikatoa jibu sahihi. Aliijaribu kwenye mashine nyingine za Pentium, zikakosea kwa namna moja. Alitumia miezi akibadilisha kitu kimoja kwa wakati, hadi kikabaki kimoja tu cha kulaumiwa: prosesa. Tarehe 30 Oktoba akawaandikia wenzake barua pepe.

Yeyote aliyetaka kuhakikisha aliweza kufanya hivyo mezani kwake: 4,195,835 ukigawanya kwa 3,145,727 ni 1.3338, lakini Pentium ilijibu 1.3337. Ndani ya prosesa mlikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya lenye visanduku 1,066 vya kujazwa, na vitano viliachwa vitupu. Intel ilisema mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. IBM, iliyokuwa ikiuza kompyuta zenye chipu hiyo, ilipiga hesabu zake ikasema siku 24, na tarehe 12 Desemba ikasimamisha mauzo. Tarehe 20 Desemba Intel ikakubali kumbadilishia kila mwenye kuomba. Gharama ilifika dola milioni 475.

Pentium ile iliyokosea kugawanya ilikuwa pia, miongoni mwa chipu za familia yake, ya kwanza kuwa na namna ya kupiga kelele ikijigundua ina hitilafu. Mwaka 1995 Pentium Pro ikaikamilisha. Ndani ya prosesa yakawekwa mafungu ya rejista, kila fungu likilinda sehemu yake: hifadhi za haraka, njia ya data, na kadhalika. Sehemu ikigundua kosa huandika kwenye rejista zake ni kosa gani na lilitokea wapi. Likiwa dogo la kusahihishika, hulisahihisha na kuendelea. Likiwa kubwa, prosesa hukatiza mfumo endeshi kwa dharura namba 18, namba ambayo kwa sadfa ndiyo ileile ya tukio linaloonekana leo kwenye Event Viewer. Mfumo endeshi ukiipata dharura hiyo huanguka kwa makusudi, kwa sababu kuendelea kungekuwa kuandika data iliyooza kwenye diski.

Watu wengi huogopa skrini ya bluu kana kwamba ndiyo ugonjwa. Hapo ndipo mashine inapokuwa aminifu kuliko wakati wowote.

Pentium Pro ilileta na jambo la pili: maikrokodi, maagizo ya ndani kabisa ya prosesa, yakawa yanaweza kurekebishwa kila kompyuta inapowaka. Kosa la 1994 lilitaka chipu zing'olewe. Mengi ya baadaye yangetibiwa kwa kuweka toleo jipya la BIOS, programu inayoiamsha kompyuta na kuikabidhi prosesa maikrokodi hiyo. Windows XP ilionyesha ungamo la prosesa kwa msimbo 0x9C. Vista, mwaka 2007, ikaja na mfumo mpana zaidi wa kupokea taarifa za chuma, na msimbo ukawa 0x124, wenye maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Tangu hapo shahidi yupo kwenye kila kompyuta ya Windows inayoletwa kibandani.

Lakini shahidi si lazima awe mkosaji, na hapa ndipo Mwanza inapoingia kwa uzito wote. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta huushusha hadi volti 12, kisha madabodi huushusha tena hadi volti moja na ushei, ambayo ndiyo chakula cha prosesa. Umeme huo mdogo hutulizwa na kapasita zilizosimama pembeni mwa prosesa kama vikopo. Zikichoka, volti hutikisika; volti ikitikisika, prosesa hukosea na kuripoti kosa kwa jina lake yenyewe. Fundi akisoma neno prosesa kwenye kumbukumbu na kukimbilia kununua prosesa, amemfunga aliyepiga simu polisi.

Kapasita zenyewe zina historia yao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa kwa majimaji mabaya zilivimba na kupasuka duniani kote. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza kompyuta za OptiPlex zilizoathirika. OptiPlex ni jina linalojulikana sana katika shule na vibanda vya intaneti Afrika Mashariki, na kapasita iliyovimba kichwa ni jambo ambalo fundi huliona kwa macho bila kipimo chochote. Ongeza mgao wa umeme wa mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, ongeza mgao wa 2011, jenereta zilizopandisha na kushusha volti mchana kutwa, na umeme unaorudi kwa kishindo. Mashine iliyozaliwa kwa ofisi ya Ulaya inapitishwa kwenye mtihani ambao haikuandaliwa kuukabili.

Joto nalo lina saini yake. Prosesa za miaka hii zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi, na zikizidi hukata umeme ghafla. Kwa hiyo mashine inayozimika bila skrini ya bluu, ikaacha namba 41 tu, huomba kwanza ifunguliwe: hitisinki isafishwe vumbi, pesti iliyokauka ifutwe na kupakwa mpya, feni iangaliwe kama inazunguka kwa nguvu. Ile inayoacha namba 18 hutaka mwendo mwingine. BIOS inarudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa kuwa huenda mwenye mashine wa kwanza aliisukuma ikimbie kuliko uwezo wake. Memori hujaribiwa kipande kimoja kimoja. Kisanduku cha umeme huazimwa kutoka mashine nzima. Baada ya hayo ndipo prosesa huhamishiwa kwenye madabodi nyingine, na kama kiini kilekile kinatajwa tena, hapo imejihukumu yenyewe. Ni njia ya Nicely, ikifanyika kwenye benchi la mbao.

Namba tasa hazikumaliza kazi yao na 1994. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, huwaalika watu wa kawaida kutafuta namba tasa kubwa kwa programu ya Prime95, ambayo huikamua prosesa hadi tone la mwisho na kulinganisha majibu yake. Mafundi wakaigeuza kuwa kipimo cha uimara. Mwanzoni mwa 2016 ikabainika kwamba prosesa za Intel za kizazi cha Skylake ziliganda kwenye hesabu fulani za programu hiyo. Safari hii Intel ilitoa marekebisho ya BIOS, na chipu hazikulazimika kurudi kiwandani.

Kosa la kutisha zaidi ni lile lisiloacha mstari wowote. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walisimulia jinsi programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa ilivyokuwa ikiyapoteza baadhi yake. Waliifuata hadi kwenye kiini kimoja cha prosesa moja. Kiini hicho kikiulizwa sehemu nzima ya 1.1 iliyopandishwa kwa kipeo cha 53, badala ya 156 kilijibu sifuri. Faili lenye ukubwa wa sifuri halina haja ya kuandikwa, kwa hiyo halikuandikwa. Hakuna dharura namba 18, hakuna skrini ya bluu. Mwaka huohuo watafiti wa Google walieleza kwamba katika kila maelfu kadhaa ya kompyuta zao walikuta viini vichache vyenye tabia hiyo. Chuo au hospitali ya kanda ya ziwa inayotunza kumbukumbu kwenye seva moja ina sababu ya kulitazama hilo kwa makini: nakala mbili zinazolinganishwa mara kwa mara ni njia mojawapo ya kumkamata mkosaji asiyeungama.

Kisha likaja sakata lililowachanganya hata wataalamu. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 zilitoka Oktoba 2022, za 14 mwaka mmoja baadaye, na wachezaji wa michezo ya kompyuta wakaanza kuona ujumbe kwamba memori ya kadi ya picha haitoshi. Kadi zilikuwa na memori tele. Watu walibadilisha kadi, wakapiga windo upya, wakabadilisha kadi tena. Mwaka 2024 ndipo Intel ilipoeleza kwamba maikrokodi ya baadhi ya prosesa hizo iliomba volti kubwa kupita kiasi, na volti hiyo iliichosha silikoni yenyewe taratibu. Marekebisho yaliyoitwa 0x129 yalitoka Agosti, na 0x12B Septemba. Dhamana ya prosesa zilizouzwa kwenye boksi ikaongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Marekebisho huzuia madhara mapya, lakini kiini kilichokwisha kuchakaa hakirudi ujana.

Prosesa ya boksi iliyonunuliwa Oktoba 2022 itamaliza dhamana yake Oktoba 2027. Ofisi za ng'ambo nazo hazikai na kompyuta milele; zikizichoka, njia yake inajulikana: kontena, bandari ya Dar es Salaam, lori la kwenda Mwanza, meza ya muuzaji wa mitumba. Mnunuzi atakayekuta hapo kompyuta yenye prosesa ya namna hiyo ataambiwa RAM ni ngapi na diski ni kubwa kiasi gani. Aombe iwashwe, aingie BIOS kabla ya Windows kufunguka, na asome tarehe yake. Ikiwa ni ya kabla ya Agosti 2024, na kwenye Event Viewer kuna foleni ya WHEA-Logger, bei hiyo bado ina mazungumzo marefu mbele yake. Na kama diski imefutwa na windo imepigwa asubuhi hiyohiyo, amuulize muuzaji kwa nini.